Kusikiliza jazi ukiwa mita mbili kutoka kwenye gitaa

BTP yangu ya mwaka huu ilinipeleka Mpanda. Wenzangu waliopangiwa Dodoma na Morogoro walinipa pole kana kwamba nimefiwa, eti nitaliwa na simba wa Katavi. Mimi sikuona shida. Mpanda anaishi baba yangu mdogo, na kwa mwanachuo anayesubiri bumu, ndugu mwenye chumba cha ziada ni baraka kubwa kuliko shule iliyo karibu na lami.

Mama alinipa onyo moja tu kwenye simu: "Kaa kwake, mheshimu, mpikie. Ila mambo yake ya bendi usiyafuate."

Hapo inabidi nieleze kidogo. Bamdogo ana miaka hamsini na mbili. Mchana ni fundi wa redio na simu, ana kibanda chake karibu na soko. Ijumaa usiku anapiga gitaa la solo. Mwaka 2009, mimi nikiwa ndiyo kwanza naanza darasa la kwanza, aliuza ng'ombe wawili alioachiwa na babu akanunua gitaa la umeme na amplifaya. Baba yangu hakumsamehe. Tangu hapo wanakutana misibani, wanapeana mikono, basi. Kwa hiyo nimekua nikisikia neno "mwanamuziki" likitamkwa nyumbani kama jina la ugonjwa.

Ijumaa ya tatu nilikwenda kumsikiliza. Mama sikumwambia.

Makala hii si ya kueleza mambo ya ukoo wetu, ingawa yatarudi mbele, siwezi kuyakwepa. Nataka kueleza kitu ambacho wengi wetu hapa chuoni hatujawahi kukiona kwa karibu: bendi ndogo inayopiga jazi ya mchanganyiko, wenyewe wanaiita fyusheni, mbele ya watu thelathini na kitu, hakuna sauti iliyorekodiwa nyuma yake. Sisi tumezoea msanii anapanda jukwaani na maiki, wimbo unapigwa kutoka kwenye kompyuta pamoja na sauti yake mwenyewe, yeye anaruka ruka na kupokea sifa. Si vibaya, tunafurahi. Lakini ukitoka hapo ukaenda kwenye bendi ya watu watano kwa masikio yale yale, utachoka dakika ya kumi. Nilichoka mimi. Ilibidi nifundishwe kusikiliza, na niliyofundishwa ndiyo nawaletea.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo wengi tunapotea. Mtaje "jazz" mbele ya mzee wa Kitanzania, hatakwambia habari za Marekani. Atakutajia Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Nuta Jazz. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944. Walichopiga kwa sehemu kubwa hakikuwa jazi ya New Orleans, kilikuwa dansi: rumba iliyotoka Cuba kwenye santuri, ikachanganywa na ngoma za kwetu, ikapata chumvi nyingine kutoka Kongo, ambako nako kulikuwa na African Jazz ya Kabasele (1953) na OK Jazz ya Franco (1956). Kujiita "Jazz" kulikuwa tangazo. Maana yake: sisi ni watu wa mjini, tuna gitaa, tuna tarumbeta, njoo na viatu vyako vizuri.

Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na mtindo ulikuwa na jina. Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz walikuwa na Segere Matata, Afro 70 ya Patrick Balisidya ilikuwa na Afrosa. Nuta walikuwa na Msondo, na jina hilo limedumu kuliko la mwajiri wao: chama kilibadilika, Nuta ikawa Juwata, ikawa OTTU, lakini bendi mpaka leo watu wanaiita Msondo Ngoma.

Nimesema mwajiri, na hilo tulisimamie kidogo. Bendi nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa mali ya taasisi. Nuta Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Polisi walikuwa na yao, JKT na yao. Mwanamuziki aliajiriwa na kulipwa mshahara, ila vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Ukigombana naye unatoka na nguo zako, gitaa unaliacha. Ndiyo maana mpaka leo kwenye muziki wa dansi kuna mtu anaitwa "mwenye vyombo", na mara nyingi ana nguvu kuliko mtunzi wa nyimbo. Aliponieleza hivyo Bamdogo, tukiwa tunamenya viazi jikoni kwake, ndipo nilipoanza kuwaelewa wale ng'ombe wawili. Sisemi alifanya vizuri. Lakini hakununua starehe, alinunua uwezo wa kutofukuzwa.

Sasa fyusheni. Hilo ni neno la Marekani, mwisho wa miaka ya 1960, pale wapigaji wa jazi walipochukua gitaa la umeme, kinanda cha umeme, na mapigo ya roki na fanki. Miles Davis alitoa Bitches Brew mwaka 1970, Herbie Hancock akatoa Head Hunters mwaka 1973, na baada ya hapo mlango haukufungwa tena. Afrika hatukuwa tumelala. Mulatu Astatke wa Ethiopia alikuwa ameshaanza kuchanganya sauti za kwao na jazi katika miaka hiyo hiyo ya 1960. Karibu zaidi na sisi, Zanzibar kuna chuo cha DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002, ambako kijana anaweza kujifunza kanuni ya taarabu na jazi ndani ya jengo moja.

Mpanda hakuna chuo cha muziki. Kwa hiyo swali langu la kwanza lilikuwa: hii jazi imefikaje huku? Jibu lilikuwa limekaa mbele yangu kwenye viti vitano.

Ukumbi wenyewe si ukumbi. Ni uwanja wa baa upande wa Makanyagio, umeezekwa bati, sakafu ya saruji, viti vya plastiki kama sitini. Jukwaa hakuna, bendi inakaa kwenye kona chini, usawa mmoja na wateja. Nilikaa meza ya mbele kabisa na soda yangu. Kutoka goti langu hadi gitaa la Bamdogo ilikuwa kama mita mbili. Umbali huo ndio siri ya mambo yote nitakayoeleza.

Kinanda anapiga kijana wa miaka ishirini na nne aliyelelewa kwenye kanisa la kilokole. Huko ndiko alikojifunza, na alipomaliza alichoweza kufundishwa na mwalimu wa kwaya akahamia kwenye video za wapiga kinanda wa injili wa Marekani. Hawa watu wa injili wanatumia jazi waziwazi, hawafichi. Kwa hiyo njia moja ya jazi kufika mji mdogo wa Tanzania inapita madhabahuni na kwenye bando la intaneti. Wa besi amezaliwa Katumba, kwenye makazi waliyopewa wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka 1972, ambao wengi wao sasa ni raia wenzetu. Yeye besi yake ni ya rumba ya Kongo, inatembea, haikimbii (nitarudi kwenye kukimbia). Domo la bata, yaani saksafoni kwa wale mliozaliwa juzi, linapulizwa na mzee mstaafu aliyetumikia kwenye bendi ya moja ya majeshi yetu. Ndiye pekee kati yao anayesoma muziki kwenye karatasi. Drams anapiga kijana wa Kisukuma, wazazi wake walishuka na mifugo kutoka Shinyanga kama familia nyingi za Kisukuma mkoani Katavi, na kabla ya kugusa drams alikuwa mpiga ngoma kwenye kikundi cha kijijini.

Wa tano ni Bamdogo. Yeye ni mtoto wa Tabora Jazz. Kwa watu wa Mpanda mji mkubwa ulikuwa Tabora, maana reli yao inatoka Kaliua kuungana na ile ya kati. Anasema kanda zilishuka na treni. Alikuwa anaweka kanda, anasikiliza mstari mmoja wa gitaa, anasimamisha, anautafuta kwenye nyuzi, anarudisha nyuma. Amefanya hivyo mpaka kanda ikawa inaimba kwa kukoroma.

Watu hawa hawakukaa kikao kuamua kwamba wapige fyusheni. Kila mmoja alikuja na alichonacho. Nilimuuliza wa kinanda wanaitaje muziki wao, akasema, "Dada, sisi tunapiga, jina mtatupa nyie wasomi."

Walianza saa tatu na nusu usiku, baada ya tangazo la saa mbili, ratiba ya kawaida ya Watanzania. Wimbo wa kwanza haukuwa na mwimbaji. Wala wa pili. Kwenye wa tatu jamaa mmoja wa meza ya nyuma, ameshachangamka, akapaza sauti: "Imbeni basi, au hamjui maneno?" Watu wakacheka. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa naye rohoni. Nilikuwa nasubiri wimbo uanze, kumbe umeshafika katikati.

Mapumziko ya kwanza yule mzee wa domo la bata alikuja kukaa kwenye meza yangu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza nasoma nini. Nikamwambia ualimu, Kiswahili na Historia. Akaniuliza, "Ukiingia darasani unakuwa na nini mkononi?" Nikamwambia andalio la somo. "Na unafundisha kama lilivyoandikwa?" Nikacheka. Kila aliyewahi kwenda BTP anajua jibu. Andalio linasema dakika kumi za utangulizi, mtoto mmoja anauliza swali, somo linahamia kwingine, na kazi yako ni kulifuata swali lake halafu ulirudishe darasa kwenye mada kabla kengele haijalia. "Basi ndiyo hiyo," akasema. "Mwanzo wa wimbo tunapiga andalio. Lishike. Ukilishika hutapotea."

Hilo ndilo somo la kwanza. Wimbo wa jazi unaanza na sauti fupi inayorudiwa, wenyewe wanaiita kichwa. Kishike, kiimbe moyoni. Kikishaisha, bendi inaendelea kuzunguka kwenye njia ile ile, urefu ule ule, lakini sasa mtu mmoja mmoja anabuni sauti yake papo hapo juu ya ile njia. Hukisikii kichwa tena, ila kipo, wote wanakihesabu vichwani. Ukiendelea kukiimba kimoyomoyo huku mpiga solo anapita juu yake, unaanza kusikia pale anapokikaribia, anapokitania, anapokipa mgongo. Mwisho wote wanarudi kukipiga pamoja. Ni kitu kile kile wanachofanya malenga wanaojibizana: bahari ya shairi ni moja, vina vimekubaliwa, kinachozaliwa pale pale ni maneno.

Somo la pili ni kodi. Siyo ya TRA. Kodi kwenye muziki ni sauti tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja. Waliopita kwaya wanajua do-mi-so. Rumba na nyimbo nyingi tunazozipenda zinaweza kuishi maisha yote kwa kodi tatu za namna hiyo, na hakuna ubaya. Wapiga jazi wanaongeza sauti ya nne juu yake: do-mi-so-ti. Jaribuni kuimba watu wanne hosteli, kila mtu ashike yake. Ile ti iko jirani kabisa na do ya juu, zinasuguana kidogo, na msuguano huo ndio unaoifanya jazi isikike kama mtu anayefikiri jambo hajaamua. Kijana wa kinanda anaweka hizo sauti chini ya gitaa la Bamdogo. Gitaa linapiga mambo ya Tabora ya mwaka 1975, safi kabisa, kila nukta imenyooka, na kinanda kinaipaka rangi ambayo Tabora haikuwa nayo. Mwanzoni Bamdogo alikasirika, anasema, akamwambia kijana unaniharibia. Walibishana mwezi mzima. Siku hizi akimaliza mstari anamgeukia kabisa kusikia kitakachotoka.

La tatu ni kuhesabu, na hili nililipenda kuliko yote. Muziki mwingi wa disko unahesabika nne nne, mguu wako unajua. Ngoma zetu nyingi zinabeba tatu na mbili kwa wakati mmoja. Fanya hivi sasa hivi kwenye meza, usione aibu. Mkono wa kushoto ugonge mara mbili, wa kulia ugonge mara tatu, vianze pamoja na vigawane muda ule ule. Ukikwama, taja polepole: pamoja, kulia, kushoto, kulia. Kulia na kushoto za katikati zinafuatana haraka, nyingine zina nafasi. Ukiweza kufanya hivyo kwa dakika moja bila kukosea, umeshaelewa anachofanya yule kijana wa Kisukuma: mguu wake unamfuata wa besi kwenye rumba, mikono yake iko kijijini kwao. Kwa kuwa ukumbi ni mdogo na drams hazina maiki, amefunga vitambaa kwenye ncha za fimbo zake ili asiwafunike wenzake. Kwenye tamasha kubwa usingekiona kitambaa hicho wala usingejua kuwa mtu anayepiga kwa nguvu kiasi hicho kumbe anajizuia.

Mengine ni adabu tu. Mtu akimaliza solo yake unapiga makofi pale pale, hata kama wimbo unaendelea, mwenzake atakayefuata haoni vibaya. Usiende kumwomba mpiga gitaa akupigie Bongo Fleva katikati ya wimbo, subiri mapumziko. Na ukiguswa, tunza. Unatoka na noti yako, unaicheza kidogo, unamwekea mfukoni au kwenye kile kikapu mbele ya amplifaya. Mia tano haina aibu.

Na angalia macho yao. Nilikaa pale nikadhani kuna mpangilio wa nani atafuata nani, kumbe wanakubaliana kwa kutazamana. Mzee akiinua domo la bata juu kidogo, anataka kuingia. Bamdogo akishusha bega la kushoto, anamaliza. Wa besi akifumba macho, hapo kila mtu mwache.

Kama saa tano hivi umeme ulikatika.

Sijui niieleze vipi. Gitaa, besi na kinanda vilikufa sekunde moja. Giza. Zikabaki drams na domo la bata, ambavyo havina habari na umeme. Mzee alikuwa katikati ya solo, na hakusimama. Watu wakawasha tochi za simu, wengine wakaanza kupiga makofi kufuata drams, na mimi nikajikuta nagonga meza tatu kwa mbili, kweli, mikono yangu mwenyewe, bila kutaja pamoja wala kulia. Sauti ya domo la bata bila spika ni nyingine kabisa. Unasikia pumzi inaingia kabla ya sauti kutoka. Unasikia vidole vinavyobonyeza. Yule jamaa wa meza ya nyuma aliyetaka kuimbiwa alikuwa amesimama, amenyamaza.

Dakika nne au tano hivi zilipita. Umeme uliporudi, Bamdogo na wa besi waliingia bila kuulizana, mahali hasa walipotakiwa kuwa kama wangekuwa wanapiga muda wote. Walikuwa wanahesabu gizani. Kinanda, kwa sababu kilizimika, kiliwaka na sauti yake ya kiwandani, na kijana alipobonyeza kodi yake tamu ikatoka kama king'ora cha shule ya awali. Ukumbi ulicheka mpaka wanamuziki wakashindwa kumalizia kichwa vizuri. Ule ndio wimbo bora niliowahi kuusikia, na uliishia vibaya.

Sasa pesa, maana msije mkadhani ni mapenzi matupu. Kiingilio shilingi 3,000. Nilihesabu vichwa: thelathini na nne tuliolipa. Hiyo ni 102,000. Mama mwenye baa anachukua mauzo ya vinywaji, bendi inachukua mlango. Bajaji ya kubeba vyombo kwenda na kurudi 12,000. Zinabaki 90,000, gawanya kwa watano, 18,000 kila mmoja. Kikapu kilikuwa na 21,500, walikigawana pia. Kwa pesa hiyo wanafanya mazoezi mara mbili kwa wiki. Na mama mwenye baa amewaambia wazi, wala hana roho mbaya, ana biashara: wasipofikisha watu hamsini kabla ya mwisho wa mwezi ujao, Ijumaa anampa DJ. DJ ni mmoja, anakuja na kompyuta yake kwenye begi, na hamkatishi mteja hamu kwa nyimbo tatu zisizo na maneno.

Nilirekodi dakika tatu kwa simu, kabla ya ule umeme kukatika. Nyumbani usiku ule sikulala mapema. Nilikuwa nafikiria kwamba nimeishi na jina la ugonjwa miaka yote hii na sijawahi kumsikia mgonjwa. Asubuhi nikaituma ile video kwa baba. Sikuandika kitu. Tiki mbili za bluu zilitokea saa nne, halafu kimya siku nzima. Nikajua nimeharibu, na mama atapigiwa simu.

Jumapili jioni akajibu. "Huyo wa besi anakimbia. Mwambie mdogo wangu waya wake wa pili umepanda, aushushe."

Nilimsomea Bamdogo. Alikaa kidogo, akaenda kuchukua gitaa, akalijaribu sikioni. Waya wa pili ulikuwa umepanda kweli. Akaushusha, akasema, "Kaka alikuwa na masikio tangu zamani," akaendelea na redio ya mtu aliyokuwa ameifungua mezani. Nilipomuuliza mama kwenye simu baba alijulia wapi mambo ya nyuzi, akanijibu nikamuulize mwenyewe. Bado sijamuuliza.

Kuhusu wa besi, nilimfikishia ujumbe pia. Alikataa katakata.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda na wenzangu wanne wa BTP, wawili wakiwa wanalalamika bei ya kiingilio. Tulilipa thelathini na tisa. Iliyofuata tena, arobaini na sita. Zimebaki Ijumaa mbili kabla ya mwezi kuisha na mimi kurudi chuoni. Aliye na ndugu Mpanda, au anayepita kwenda Sumbawanga akalala njiani, waulize watu wa Makanyagio baa yenye domo la bata. Wanaanza saa tatu na nusu, tangazo linasema saa mbili.